Hofu ya Kuonewa Gerezani: Kijana na Mzee

Jamaa wa Kitale na Bungoma wenye ndugu gerezani hupenda kuuliza habari za chakula na miaka iliyobaki. Ni wachache waulizao, "Walala karibu na nani?" Nalo ndilo swali kubwa.

Hofu ya kuonewa haina umri. Kijana mgeni huwaogopa wafungwa wazoefu, wasije wakamnyang'anya blanketi na sabuni, au wakamtendea uovu usiku. Mzee naye huwaogopa vijana wenye nguvu, maana hawezi kushindana nao kwenye mstari wa chakula. Wote wawili hunyamaza, kwa kuwa anayeshtaki huitwa msaliti, na jioni aweza kufungiwa tena pamoja na yule aliyemshtaki.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yaamuru kwamba mtoto asizuiliwe ila pasipo njia nyingine, tena kwa muda mfupi kabisa, naye atengwe na watu wazima. Mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Ndiyo sababu ziko mahabusu za watoto, na wavulana wakosaji wa miaka 15 hadi 17 waweza kupelekwa Borstal ya Shikusa, upande wa Kakamega, kwa muda usiozidi miaka 3.

Lakini umri hauandikwi usoni. Mvulana mrefu wa miaka 16 asiye na cheti aweza kuhesabiwa mtu mzima. Hakimu akiwa na shaka huagiza apimwe na daktari, naye daktari hukadiria tu. Basi, ewe mzazi, mwanao akishikwa, peleka kortini siku ya kwanza cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki, au barua ya shule.

Je, kijana wa miaka 19, au mzee wa miaka 70? Mara nyingi hao hawana ukuta wa kuwatenga. Kinga yao ni uangalizi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955, zilizotengenezwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zasema kwamba wanaolala pamoja wachaguliwe kwa uangalifu na kuangaliwa usiku. Kwamba mfungwa asipewe mamlaka ya kuwaadhibu wenzake. Na kwamba kila siku apate nafasi ya kutoa malalamiko pasipo kulipizwa kisasi. Nyapara akishika fimbo, mnyonge hana pa kukimbilia.

Jamaa nao wasikae kimya. Ukienda kumzuru nduguyo ukamwona amekonda, au ana alama mwilini, au hasemi mbele ya wenzake, mweleze mkuu wa gereza kwa faragha. Usiposikilizwa, iko Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ambayo sheria yairuhusu kukagua magereza.

Hakimu huhukumu miaka. Hakuna korti iliyomhukumu mtu kulala kwa hofu.