Mhasibu Kijana na Thamani ya Saini Yake

Vijana wengi wa Unguja wanaohitimu masomo ya uhasibu huanza kazi katika ngazi ya chini: kupanga vocha, kuandika daftari la fedha taslimu, kulinganisha hesabu za ofisi na taarifa ya benki. Baadhi yao huiona kuwa kazi ya kupita tu. Kumbe hapo ndipo taaluma yote inapojengwa, au inapobomoka.

Ndugu msomaji, mwaka 1494 mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, alichapisha huko Venezia kitabu cha hisabati. Ndani yake alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu: kila muamala uandikwe pande mbili, debiti na krediti, na jumla zilingane. Hakuubuni utaratibu huo, bali aliuweka wazi kwa wote. Hadi leo programu za kompyuta katika hoteli na maduka ya Mji Mkongwe huufuata.

Hata hivyo, utaratibu huo una mpaka wake. Vocha ya uongo, ikishaandikwa pande zote mbili, italingana sawasawa na vocha ya kweli. Kompyuta haitaitambua. Wa kwanza anayeweza kuitambua ni yule kijana aliyeshika stakabadhi mkononi.

Mambo ya kujifunza mapema

Mhasibu wa Unguja hushughulika na mamlaka mbili za kodi. Kodi ya Ongezeko la Thamani hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), ilhali kodi ya mapato, pamoja na ile inayokatwa katika mishahara, hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Michango ya hifadhi ya jamii huenda ZSSF. Tena muamala unapohusisha fedha za kigeni, kiwango cha kubadilishia fedha cha siku husika hakina budi kuandikwa. Anayeyamudu haya hukabidhiwa makubwa zaidi.

Ngazi ya juu hupandwa kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani hiyo huanzia ngazi ya ufundi hadi cheti cha CPA. Si lazima kuacha kazi ili kuifanya. Wengi husoma jioni na mwisho wa wiki. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) nacho hufundisha uhasibu hapa kisiwani.

Unapoombwa kuandika uongo

Siku moja mkubwa wa kazi anaweza kusema: “Andika tu, stakabadhi italetwa.” Kijana mwenye familia inayomtegemea huogopa kupoteza ajira, na hofu hiyo si ya kubezwa. Kwanza, aombe kwa adabu kielelezo cha malipo. Pili, kisipopatikana, aombe agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo peke yake humaliza jambo. Tatu, amweleze msimamizi wa juu zaidi au mkaguzi wa hesabu. Uadilifu ni wa kwanza kati ya misingi mitano ya maadili ya wahasibu duniani, na saini iliyowahi kuuzwa haiaminiki tena kwa urahisi.

Kanisa nalo linajidai hayohayo. Kanuni ya 537 ya Sheria za Kanisa inataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali watunze vitabu vya mapato na matumizi kwa utaratibu mzuri, na kutoa taarifa kila mwisho wa mwaka. Kijana anayetafuta uzoefu anaweza kujitolea katika halmashauri hiyo: parokia itapata hesabu safi, naye atapata wa kumshuhudia.

Yesu, katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, anaufungamanisha uaminifu katika mambo madogo na ule wa makubwa. Kwa mhasibu anayeanza, jambo dogo lina jina: ni vocha iliyo mezani leo.