Handaki la Kondoa Lilifika Hata Ghalani

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 hukumbukwa na walimwengu kwa mahandaki ya Ufaransa, yaliyotoka Bahari ya Kaskazini hata mpaka wa Uswisi. Ni wachache wakumbukao kwamba vita ya namna hiyo ilifika Kondoa Irangi, na kwamba gharama yake ililipwa katika matembe ya Ugogo.

Zamani vita ilikuwa na saa yake. Mara nyingi watu walipigana, mshindi akajulikana, na waliosalia wakarudi kupalilia uwele na mtama. Viwanda vya Ulaya viliiondoa saa hiyo. Bombomu moja ilimwaga mamia ya risasi kwa dakika, na mzinga uliua watu ambao mpigaji hakuwaona kamwe. Kusimama wima kukawa si ushujaa tena, bali kujiua. Askari akajifunza kuchimba, kujificha na kungoja. Tarehe 1 Julai 1916, huko Somme, askari wa Uingereza wapatao 19,000 walikufa kwa siku moja walipotoka mahandakini na kuzikabili bombomu.

Mwaka huohuo, tarehe 19 Aprili, majeshi ya Afrika Kusini ya Jenerali van Deventer, yaliyopigana upande wa Waingereza, yalitwaa Kondoa. Usiku wa tarehe 9 Mei, Lettow-Vorbeck na askari wake, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, waliwashambulia, wakarudishwa nyuma. Tangu hapo pande zote mbili zilijichimbia ardhini, zikatupiana mizinga hata mwezi Juni. Baadhi ya mizinga ya Wajerumani ilikuwa imetolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji mwaka 1915. Mvua ilizifunga njia, homa ikawalaza watu, na farasi wa Afrika Kusini wakafa kwa wingi. Mwishoni mwa Julai Dodoma nayo, pamoja na reli yake, ilitwaliwa.

Huko Ufaransa reli na malori vilileta mkate na risasi karibu na handaki. Hapa reli ilipita Dodoma, na kila kilichokwenda mbali nayo kilitegemea sana mgongo wa mtu. Tufanye hesabu. Mpagazi akibeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kila siku, akienda siku kumi na kurudi siku kumi, zitamfikia askari kilo tano tu. Basi silaha za kiwanda zilidai wapagazi wengi, na wapagazi hao nao walidai chakula kingi. Chakula hicho kilitoka wapi?

Kilitoka katika ghala na mazizi ya wakulima. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana; Waingereza walipofika, nao wakachukua. Mashamba yakakosa mikono, kisha mvua ikakosekana. Ndipo ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kuanzia 1917 hata 1920, na ndani yake ikaingia homa kuu ya mafua ya 1918. Wanahistoria hukadiria kwamba katika Ugogo walikufa watu 30,000 kati ya 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Wengi wao hawakuwahi kuona handaki.

Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, naye ameshika bunduki. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu. Walio wengi hawana kaburi lijulikanalo. Lakini mama aliyekufa Ugogo kwa kuwa mtama wake ulilishwa jeshi hana sanamu wala mtaa.

Ndugu wasomaji, atakaye kujua vita ya viwanda iligharimu nini asihesabu risasi tu. Na ahesabu pia mizigo, na ghala zilizofagiliwa. Wazee walioiona Mtunya wamekwisha kutangulia, lakini wajukuu wao wako Dodoma, Manyoni na Mpwapwa, na masimulizi waliyorithi yangaliko. Yatupasa tuyaandike kabla nayo hayajazikwa.