Viungo vya Ishara katika Miundo ya Data ya Kidaraja

Katika muundo wa data wa kidaraja, kila nodi, isipokuwa mzizi, huwa na mzazi mmoja tu. Kanuni hii hurahisisha utafutaji, lakini hailingani daima na maumbile ya maarifa. Rekodi ya sauti ya ngano kutoka Pemba, kwa mfano, inastahili kuwekwa katika tawi la fasihi simulizi na pia katika tawi la lahaja. Kuinakili mara mbili huzaa tatizo jipya: nakala moja ikisahihishwa, nyingine hubaki na makosa. Makala haya yanafafanua jinsi kiungo cha ishara kinavyotatua tatizo hilo, na masharti yanayoambatana nacho.

Wazo la viungo lilielezwa na R. C. Daley na P. G. Neumann mwaka 1965 katika usanifu wa mfumo wa Multics. Viungo vya ishara viliingia katika Unix kupitia toleo la 4.2BSD mwaka 1983. Kiungo cha ishara ni nodi ndogo isiyobeba data yenyewe, bali maelezo ya njia ya kuifikia nodi lengwa. Programu inapokifungua, mfumo huisoma njia hiyo na kuifuata. Hapo ndipo kinapotofautiana na kiungo kigumu, ambacho ni jina la pili la data ileile: jina moja likifutwa, data hubaki maadamu jina jingine lipo. Kiungo kigumu hakivuki mipaka ya mfumo mmoja wa faili. Cha ishara huivuka, na huweza pia kuelekeza kwenye saraka.

Unyumbufu huo una gharama. Nodi lengwa ikihamishwa au kubadilishwa jina, kiungo huelekeza mahali patupu, wala hapana onyo hadi mtu ajaribu kukifungua. Viungo viwili vikielekezana huunda mzunguko. Linux huacha kuvifuata baada ya viungo 40 na kutoa ujumbe wa kosa. Aidha, njia inayoanzia kwenye mzizi huweza kuvunjika mkusanyo mzima unapohamishwa, ilhali njia inayohesabiwa kutoka mahali kiungo kilipo hudumu.

Kwa hiyo, suala hili si la mafundi pekee. Taasisi zinazotunza mkusanyo wa pamoja hazina budi kuamua ni tawi lipi lihifadhi nodi asilia, nani mwenye mamlaka ya kuihamisha, na viungo vikaguliwe lini. Pasipo uamuzi huo, data huweza kuwa salama katika diski huku mtafiti akiamini kwamba imepotea.