New York hadi Nairobi: Kilomita 11,800 na Hesabu ya Maziko

Kila mwanachama wetu amewahi kuulizwa na jamaa wa nyumbani: "Hivi huko mliko ni mbali kiasi gani?" Ukitaja kilomita, hakuna anayeridhika. Watu wanataka saa.

Basi tuzitaje. Kutoka uwanja wa John F. Kennedy, New York, hadi Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kama kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja, safari huchukua yapata saa 14 kwenda na 15 kurudi. Tofauti hiyo inatokana na upepo mkali wa juu uvumao kutoka magharibi: ukienda unakusukuma, ukirudi unakukabili. Wengi wetu, kwa sababu ya bei, bado tunapitia London, Amsterdam au Dubai, na hapo saa 20 hupita kabla hujaliona begi lako.

Kisha kuna saa ya ukutani. Wakati wa kiangazi cha huku, Nairobi imetangulia New York kwa saa saba. Tuna njia yetu ya mkato: tazama saa yako ya Kizungu, ongeza moja, na hiyo ndiyo saa ya Kiswahili kule nyumbani. Kwako ni 8 asubuhi? Kule ni saa tisa alasiri. Majira ya baridi ongeza mbili. (Walimu, tunaomba hesabu hii iingie kwenye mtihani. Ndiyo pekee tunayoiweza bila kusoma.)

Lakini siku moja mwezi wa Julai hesabu hiyo ilituumiza. Bibi yake mwenzetu alifariki Mombasa saa kumi na moja alfajiri. Huku ilikuwa saa nne usiku. Mjomba alisema maziko ni saa kumi alasiri, siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi ya Waislamu kutomchelewesha maiti. Tulikaa naye jikoni tukihesabu. Hata kama ndege ingekuwa inamngoja mlangoni usiku ule, angetua Nairobi saa moja jioni. Bibi angekuwa kaburini kwa saa tatu tayari, na Mombasa bado ni saa nzima nyingine ya ndege.

Yaani si suala la tiketi wala pesa. Hakuna ndege ya abiria inayoweza kuwahi maziko hayo.

Tulipolizungumza chamani, wenzetu ambao kwao ni bara walishangaa. Kwao maiti huwekwa mochari wiki moja, hata mbili, michango ikikusanywa na walioko ng'ambo wakisubiriwa. Mmoja alisema kusubiriwa nako ni mzigo: ukoo mzima unaulizia ndege yako imefika wapi, na gharama za mochari zinapanda kila siku. Hatukukubaliana lipi lina nafuu. Sisi tunaona afadhali kusubiriwa, ingawa waliozaliwa Pwani walitupinga vikali.

Mwenzetu hakwenda wiki ile. Mama yake alimshauri akate tiketi ya arobaini, kwani kwa majuma matano angepata bei nzuri. Alipitia Dubai, saa 23 kwa jumla, akafika siku mbili kabla ya khitma na kupewa kazi ya kupanga viti.