Askari Wadogo wa Mezani: Hukumu ya Kuwachonga, Kuwapaka Rangi na Kuwachezea

Katika soko la vinyago la Fire Road mjini Arusha, na katika maduka yanayouza sanaa kwa watalii, huuzwa seti za sataranji ambazo kete zake ni watu. Morani wa Kimaasai wamesimama na ngao na mikuki yao, wazee wamekaa mahali pa wafalme. Nyingine ni za mpingo, nyingine za mawe ya Kisii. Wanunuzi wengi ni wageni waendao Serengeti na Ngorongoro, au walioshuka Mlima Meru.

Huko Ulaya na Marekani jambo hili limekuwa burudani ya watu wazima. Mtu hununua vipande vya plastiki, huviunganisha kwa gundi, huvipaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha hupanga majeshi mezani na kuyapiganisha kwa kurusha dadu. Chimbuko lake ni Prussia, ambako mwaka 1824 jeshi liliupokea mchezo wa namna hii kuwafundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za kuuchezea nyumbani.

Kwa mji kama Arusha, swali zito zaidi ni la riziki: kijana Muislamu anayekula kwa kuchonga au kuuza askari hawa, pato lake lina hukumu gani?

Jambo hili si geni. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba mtu mmoja alimjia Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, naye hutengeneza sura. Ibn Abbas akamsimulia onyo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya wenye kutengeneza sura. Yule mtu akahema kwa nguvu na uso wake ukageuka rangi ya manjano. Hapo Ibn Abbas akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi, atengeneze miti na kila kisichokuwa na roho. Wasomaji wetu walizingatie hilo: hakumwambia aache ufundi wake, alimwonyesha pa kuupeleka.

Imam An-Nawawi (aliyefariki 676H/1277), ambaye madhehebu yake ya Kishafi ndiyo yaliyoenea kwetu Afrika Mashariki, ameeleza kuwa kutengeneza sura ya kiumbe chenye roho ni haramu, iwe ina kivuli au haina. Wapo wanazuoni, hasa wa Kimaliki, waliolegeza kwa ile isiyo na kivuli. Lakini askari wa mpingo au wa plastiki ana kivuli, kwa hiyo nafuu hiyo haimfikii.

Wengine hutoa hoja ya wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), ambaye miongoni mwao alikuwa na farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa, na Mtume (s.a.w.) akacheka alipoelezwa habari zake. Hadithi hiyo ni ya Abu Daud, na hoja ina nguvu. Hata hivyo Qadhi Iyadh (aliyefariki 544H/1149) amenukuu kwamba waliojuzisha, nao ndio wengi, walijuzisha kwa ajili ya wasichana wadogo wazoee malezi ya nyumba na watoto. Kuichukua ruhusa ya mtoto tukampa mtu mzima anayejaza kabati lake majeshi, kwa maoni yetu ni kuivuta mbali.

Njia ya kutokea ipo kichwani. Jibril (a.s.) aliagiza kichwa cha sanamu kikatwe ili ibaki kama mti, na mafakihi wakajenga juu yake. Mafundi wa Kiislamu waliielewa mapema. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ipo seti ya sataranji ya karne ya 12 inayonasibishwa na Nishapur, Iran. Mfalme wake ni umbo la kiti cha enzi, na farasi ana kichomozo cha pembetatu tu, bila macho wala mdomo. Mchezo unachezeka vilevile. Pwani yetu nako, mafundi wa milango ya Unguja na Lamu walitumia minyororo, maua na mitende. Mchongaji wa Arusha atashindwa nini kumfanya mfalme kuwa kilele cha Meru, ngome kuwa boma, na askari kuwa ngao iliyosimamishwa?

Kuhusu mchezo wenyewe, Mashafi wameihesabu sataranji kuwa makruh ikiwa haina kamari wala haipotezi Swala, na wengi wa madhehebu mengine matatu wameikataza. Khatib Ash-Shirbini (aliyefariki 977H/1570) ameutaja hata mchezo wa vishimo na vijiwe, ambao sisi tunaujua kwa jina la bao. Kipimo cha Mashafi ni hiki: kinachotegemea hesabu na fikra ni chepesi kuliko kinachotegemea bahati ya dadu. Dadu ndiyo roho ya nardi, na onyo la nardi limo katika Sahih Muslim. Kwa hiyo vita vya mezani vya kurusha dadu viko pabaya kuliko sataranji, hata visipowekewa senti moja.

Aliyekwisha kuwa na seti ya morani nyumbani hana haja ya kuitupa. Mpingo ni mgumu, lakini msumeno mwembamba wa chuma huukata, na shingo ya kete si nene.