Mfugaji Hupimwa Oktoba

Kondoo wa Usukuma hanyolewi. Ana nywele fupi, hana sufu, na thamani yake iko nyuma, kwenye mkia uliojaa mafuta. Mtu aliyezoea maonesho ya kilimo ya Uingereza au Australia, ambako wanyoaji hushindana mbele ya umati nani atamvua kondoo sufu yake haraka zaidi, akifika Maganzo, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, hataliona shindano hilo. Molo, kwenye nyanda za juu za Kenya, kuna ubaridi unaomfaa kondoo wa sufu. Kwenye mbuga za Kishapu, ambako jua la Septemba hupasua ardhi nyeusi hadi mtu anaweza kuingiza mkono mzima ndani ya ufa, sufu ingekuwa adhabu kwa mnyama.

Lakini kondoo wa hapa naye anapita chini ya mikono ya watu, na mikono hiyo ina ujuzi wake. Mtazame mnunuzi mzoefu mnadani. Haanzi na bei. Anamwinamia kondoo, anaushika mkia kwa kiganja kana kwamba anaupima uzito, kisha vidole vinapanda taratibu juu ya uti wa mgongo vikitafuta kama mifupa inachoma au imefunikwa nyama. Anamfunua mdomo ahesabu meno. Anakagua chini ya mkia na ndani ya masikio kama kuna kupe. Baada ya hapo ndipo anapomsalimu tena mwenye mnyama, safari hii kwa sauti ya biashara: "Baba, huyu amelishwa wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Msukuma akiona mnyama aliyenona hamsifu mnyama kwanza, huuliza malisho. Anajua kwamba nyuma ya mkia ule kuna mtu aliyepanga mwaka wake vizuri.

Kila Agosti watu wa Maganzo wenye nafasi hupanda magari kwenda kwenye maonesho ya Nane Nane. Njia inapita Mwigumbi, Maswa na Bariadi hadi viwanja vya Nyakabindi, ambavyo kuanzia 2018 vilibeba maonesho ya kitaifa kwa miaka mitatu mfululizo. Ni siku nzuri. Kuna vipando vya pamba na alizeti vilivyonyooka, kuna madume ya ng'ombe yaliyosuguliwa mpaka ngozi inang'aa, kuna mbuzi chotara wenye masikio marefu, na maofisa ugani waliovaa fulana mpya wanaojibu maswali bila kuchoka. Mfugaji anajifunza chanjo, anajifunza josho, anarudi nyumbani na mbegu ya mtama ya muda mfupi. Sina neno baya juu ya hayo yote.

Tatizo langu ni kalenda. Mvua za Shinyanga hukatika mwezi wa tano hivi. Mwezi wa nane mabua ya mtama na mahindi bado yako mashambani, malambo hayajakauka yote, na ng'ombe wa mzembe na wa mwangalifu wanaweza kusimama pamoja usiwatofautishe. Rudi Oktoba, kabla mvua ya kwanza haijanyesha, ndipo utamwona mfugaji. Ng'ombe wa huyu anainuliwa kwa kushikwa mkia kila asubuhi. Wa jirani yake bado ana nguvu ya kuvuta plau. Wasukuma walilijua hilo zamani, na desturi zao za kumpima mkulima zilijengwa juu yake: mtu apimwe wakati kazi ni ngumu, na apimwe mbele ya wenzake.

Chukua bugobogobo. Siku hizi watu wengi wanaifahamu kama ngoma ya jukwaani, ya kumpokea kiongozi au kufungua mkutano. Asili yake ni shambani. Kikundi cha vijana kinaitwa na mwenye shamba, kinafika alfajiri, kinajipanga mstari mmoja kwenye matuta. Wapigaji wanasimama pembeni. Ngoma ikiingia, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na udongo unageuka kwa mpigo. Kijana anayejiamini hulirusha jembe lake juu, linazunguka hewani, analidaka kwa mpini na kulishusha ardhini bila kupoteza mpigo. Anayechelewa anaonekana na shamba zima, kwa sababu tuta lake limebaki nyuma. Jua likipanda mwenye shamba analeta ugali na mboga, au anachinja mbuzi kama shamba ni kubwa na mfuko unaruhusu; leo wengi hulipa fedha. Jioni hakuna anayehitaji kuambiwa nani ni mlimaji. Shamba liko pale, kila tuta na mtu wake.

Baada ya mavuno huja mashindano mengine, na hapa ndipo Usukuma unaponipendeza kuliko mahali pengine popote. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, pande zinazotajwa kuanzishwa na mahasimu wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Mtu hurithi upande wake, au huuchagua na kubaki nao. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja likijaribu kuvuta watazamaji wa mwenzake. Mwingine ataleta chatu shingoni, mwingine atatunga wimbo wa kumchoma mpinzani hadi akose la kujibu. Hakuna meza ya majaji wala karatasi ya alama. Umati ukihama, umehama. Kundi lililobaki na watu wengi ndilo limeshinda. Pale Bujora, Kisesa, mashindano haya yamepata makao katika sikukuu ya Bulabo ya mwezi wa sita, kwa kazi kubwa ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeona kwamba mtu anaweza kuwa Mkristo na bado akaicheza ngoma ya baba yake.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mnunuzi, mnyama amelishwa wapi, maana jibu lake ni ngitili.

Mvua zikianza, familia hufunga sehemu ya ardhi yake, au kijiji hufunga eneo la wote. Hakuna ukuta wala seng'enge. Mpaka ni mti, kichuguu, njia ya miguu, na kila mchungaji wa miaka kumi anaujua. Nyasi zinaachwa zikue, zikomae, zikaukie zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, mwenye ngitili anaifungua kipande kwa kipande, na si kwa kundi zima. Kwanza wanaingia ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaolima mvua ikirudi. Mchungaji akiingiza kundi lake usiku kwenye ngitili ya mwingine, kesi hupelekwa dagashida, mkutano wa jamii, naye hutozwa faini. Humohumo ndani wanawake huokota kuni, waganga huchimba mizizi, na mizinga ya nyuki hutundikwa kwenye migunga.

Desturi hii iliponea chupuchupu. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ya Shinyanga kwa maelfu ya hekta ili kumfukuza mbung'o, pamba ikachukua ardhi, kisha mwaka 1974 na 1975 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaziacha ngitili zao mbali bila mlinzi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa karibu hekta 600 tu. Wataalamu walianza na vitalu na miche. Wazee wakawaonyesha walichokuwa nacho tayari: funga ardhi, mizizi iliyo chini itachipua yenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Heshima kubwa ya ushindi ule ninawapa wazee wa dagashida.

Maganzo yenyewe imekaa mlangoni mwa Mwadui, ambako mwanajiolojia Williamson alianzisha mgodi wake wa almasi mwaka 1940, na watu wa mbali huiona kama mji wa madini tu. Ukikaa na wenyeji utagundua kwamba fedha ya mchanga hutafuta zizi. Kijana aliyepata kitu, hapa au kwenye dhahabu ya Geita, hununua ng'ombe, kwa sababu mahari bado inahesabiwa kwa ng'ombe. Lakini ng'ombe hao wanahitaji nyasi, na ardhi inapungua. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi lilipasuka, tope likafunika nyumba, mashamba na malisho ya vijiji vya jirani. Wachoma mkaa nao wanakata migunga ile ile ambayo wazee waliiacha ichipue.

Ndiyo maana nina ombi kwa waandaaji wa Nyakabindi. Vikombe vya dume bora na kipando bora viendelee kutolewa. Kiongezwe kikombe cha ngitili, na waamuzi wake wasikae uwanjani Agosti. Waje Kishapu na Maswa wiki za mwisho za Oktoba, watembee kwa miguu zizi hadi zizi, wapapase migongo ya maksai na mikia ya kondoo, na wazee wa dagashida wawe nao kwenye jopo, wenye kura sawa na daktari wa mifugo. Matokeo yasomwe mnadani, siku ya mnada, mbele ya watu wanaomfahamu mshindi.