Tabia za Bibi Tunazozisoma Vibaya

Mwanamke akishavuka miaka 60 hapa Kigali, watu huwa wamekwisha kumjua kabla hajafungua mdomo. Wanasema haelewani na wakamwana zake. Wanasema hufunga pesa kwenye pindo la kitenge, huamka usiku wa manane akizunguka nyumba, husimulia kisa kile kile kila Jumapili, na akishika jiko chakula kinajaa chumvi. Akikaa kimya, ana jambo. Akisema sana, ndio uzee wenyewe. Jamaa wanacheka, na yeye mwenyewe hucheka nao, kwa kuwa maneno hayo aliyasikia yakisemwa juu ya bibi zake tangu akiwa mtoto.

Kazi yangu ni afya ya wazee, na nyingi ya tabia hizo ninazijua kwa sura nyingine. Ni sikio lililopungua nguvu, ulimi uliopoteza ladha, sheria ya zamani, au msiba ambao haukuisha. Tukiziita tabia ya uzeeni tunaacha kuzichunguza, na kisichochunguzwa hakitibiwi.

Nianze na shutuma ninayoletewa zaidi ya zote: bibi mwenye kushuku. Mama mmoja wa Nyamirambo alimleta mama mkwe wake, akaniambia pembeni, "Muganga, huyu mzazi haniamini tena. Nikizungumza na mume wangu sebuleni ananikazia macho kama ninamteta." Nilisimama nyuma ya bibi, urefu wa mkono, nikamziba sikio moja kwa kidole na kunong'ona tarakimu tatu kwenye lile jingine, kisha nikabadilisha upande. Hakurudia hata moja. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta iliyokauka, na baada ya kulainishwa kwa mafuta na kusafishwa lilirudi vizuri. La kushoto lilikuwa limechoka kwa umri. Alipoanza kusikia, alimgeukia mkamwana akamwuliza walikuwa wakizungumza nini siku zote hizo. "Ada ya shule, mama," akajibiwa.

Uziwi wa uzeeni hauji kama kimya. Kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba, kama s, f, t na sh, na sauti nzito hubaki. Lugha zetu, Kinyarwanda na Kiswahili, zimejaa irabu, kwa hiyo bibi husikia mlio mzima wa mazungumzo, husikia jina lake likitajwa na kicheko kikifuata, lakini maneno yenyewe hayashiki. Mtu yeyote akikaa katika hali hiyo mwaka mzima atashuku. Tena wanaomzunguka huchoka kurudia, wakaanza kumjibu kwa mkato au kuzungumza juu yake akiwepo, na hapo shaka yake inapata ushahidi.

Chumvi nayo ina maelezo. Uwezo wa kuonja na kunusa hushuka umri ukisonga, na chakula kilichokuwa kitamu kinakuwa kama maji. Hili si la kupuuza, kwa sababu chumvi hiyo hiyo hupandisha shinikizo la damu. Ndimu, tangawizi na vitunguu vinasaidia kurudisha ladha. Kuamka usiku ni saa ya mwili iliyosogea mbele: usingizi humjia mapema, saa mbili au saa tatu, na saa tisa za usiku anakuwa amekwisha kulala vya kutosha.

Pesa za kwenye kitenge zinahitaji maelezo marefu zaidi, maana hapo uzee umesingiziwa kabisa. Chukua mwanamke aliyezaliwa mwaka 1950. Sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima aliiishi wakati ambapo binti hakurithi shamba la baba yake na mke alihitaji ruhusa ya mume ili afungue akaunti benki. Sheria iliyompa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake ilipitishwa Novemba 1999. Alikuwa na miaka 49. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1994, alikuwa na miaka 44, umri wa kuwa na watoto, mume, mifugo na mji wake, na katika siku mia moja za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wanawake wengi wa rika lake walipoteza vyote hivyo. Januari 1995 wajane wapatao 50 walikutana wakaunda AVEGA Agahozo, chama ambacho hadi leo kinahudumia wajane na yatima wa mauaji hayo. Wengi wao walilea watoto wasiowazaa.

Mtu aliyepitia hayo akiweka noti mahali mkono wake unapofika, au akihifadhi maharage zaidi ya mahitaji ya nyumba, au akikataa kutoka giza likiingia, ninamwona ni mtu mwenye kumbukumbu. Kila Aprili, mwezi wa kuyakumbuka mauaji hayo, tabia hizi huzidi. Familia zinazojua sababu huwa hazigombani naye, zinakaa karibu naye. Wale walionusurika lakini wakapoteza watoto wao wote wamejengewa makao, chini ya chama cha Unity Club, huko Huye, Bugesera, Nyanza na Rusizi, wakae na wenzao. Nani angesema ukimya wa mama kama huyo ni ukorofi wa uzee?

Katika dhana zote, iliyo ya hatari kuliko nyingine ni ile ya bibi mchawi. Kwetu husemwa kwa sauti ya chini: yule kikongwe anayekaa peke yake ana sumu, usinywe kwake. Katika kijiji cha Musamo, wilaya ya Ruhango, alikuwepo mjane mzee, Zula Karuhimbi, mtu wa ukoo wa waganga wa mitishamba, ambaye jirani zake walimwogopa kwa sababu hiyo. Mwaka 1994 aliwaficha watu katika nyumba yake ndogo ya vyumba viwili, chini ya kitanda na darini. Wauaji walipofika mlangoni alitikisa bangili zake hadi wakadhani ni mizimu inayopiga kelele ndani, na alikuwa amejipaka yeye na kupaka nyumba utomvu wa mmea unaowasha, hivi kwamba aliyegusa aliwashwa na kuamini amelaaniwa. Aliwaonya kwamba wakiingia watakuwa wamejichimbia kaburi. Hakuwa na silaha wala mtu wa kumtetea. Alikuwa na sifa mbaya tu ambayo jamii humpa mwanamke mzee aliye peke yake, naye akaitumia kuokoa watu zaidi ya 100. Serikali ilimtunuku nishani mwaka 2006, na alifariki Desemba 2018 huko huko Musamo.

Ninamtaja kwa heshima kubwa, lakini sitaki mtu achukue kisa chake kama sifa kwa imani ile. Ng'ambo ya mpaka wetu wa mashariki, nchini Tanzania, katika mikoa ya Usukuma kama Shinyanga, Mwanza na Geita, imani hiyo hiyo imewaua wanawake wazee kwa miaka mingi, na alama waliyotafutwa nayo ni macho mekundu. Daktari yeyote anajua macho hayo yanatoka wapi. Kuni zimeadimika, watu hupikia mabua na samadi ya ng'ombe, na mwanamke aliyeinamia moshi huo tangu akiwa binti hufika uzeeni akiwa na macho mekundu, kifua kinachokorota na, mara nyingi, mtoto wa jicho. Macho hayo aliyapata kwa kupika chakula cha watu wale wale wanaomshuku. Kilifi, pwani ya Kenya, nywele nyeupe zinatosha kumtia mzee hatarini, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna ugomvi wa shamba.

Kiko nacho, ambacho bado utakiona mikononi mwa vikongwe wa vijijini, kina historia ya starehe na heshima: mwanamke aliyemaliza kuzaa na kulea alikaa na wazee, akavuta tumbaku, akanywa pombe ya mtama kwa mrija bila kunyooshewa kidole. Tumbaku inaleta saratani ya kinywa na ya mapafu, na ninawaambia hivyo bila kuficha. Wanaomcheka kwa kiko, hata hivyo, wasisahau kwamba kilikuwa moja ya starehe chache walizomruhusu.

Sasa nije kwa mwanamke mwenyewe, yale anayoyaamini kuhusu uzee wake. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 660 wa mji mdogo wa Oxford, jimbo la Ohio, ambao waliulizwa kuhusu uzee wao kuanzia mwaka 1975 wakiwa na miaka 50 au zaidi. Wale waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona vibaya, hata baada ya kuzingatia afya, kipato na upweke wao. Ni Wamarekani, na uchunguzi wa aina hii hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba imani ndiyo iliyoleta uhai. Lakini ninachokiona kliniki kinafanana na matokeo ya Levy: aliyeamini kwamba goti huuma kwa sababu ya uzee haji kutibiwa, hatembei, na misuli isiyotumika hunywea. Mwaka mmoja baadaye anashikiliwa kwenda chooni, na kila mtu anasema si mnaona, amezeeka.

Misuli haijali sana mwenyewe ana miaka mingapi. Maria Fiatarone alithibitisha hilo mwaka 1990 huko Boston alipowapa wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wa miaka 90 hivi, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8 nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Kigali inazidi kuwa na wanawake wa kuhitaji habari hii. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2 nchini, na takriban asilimia 6.5 walikuwa wamefikisha miaka 60, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Msichana anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 70. Ana muda mrefu wa kuwa bibi, na hofu inaanza mapema mno. Ninaona wanawake wa miaka 35 wakificha mvi kwa piko na wakinunua mkorogo wa magendo, wenye zebaki au hidrokwinoni, ili ngozi ionekane ya msichana, ingawa serikali ilianza kuusaka madukani tangu mwishoni mwa 2018. Zebaki huharibu figo. Mwandishi Susan Sontag aliandika mwaka 1972 kwamba uzee hupimwa kwa mizani mbili, mwanaume akiongezewa na mwanamke akipunguziwa, na hapa kwetu haijabadilika sana: mvi za mzee wa kiume humpa kiti cha mbele, za mama watoto wake humpa ushauri wa saluni. Hata ukomo wa hedhi, unaowafika wengi karibu na miaka 50, hausemwi. Wako wanaokuja kwangu na joto la ghafla na jasho la usiku wakiomba dawa ya malaria.

Wala si kweli kwamba bibi ni mzigo. Kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, mtaalamu Kristen Hawkes na wenzake waliwafuata Wahadza, jamii ya wawindaji na wachumaji, miaka ya 1980 wakaona kwamba wanawake wazee ndio waliochimba mizizi kwa saa nyingi kuliko wote, na mama akiwa na kichanga, afya ya watoto wake wakubwa ilitegemea kijiti cha bibi cha kuchimbia. Visa vile vya kila Jumapili navyo vina kazi. Harare, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye sonona. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita, kati ya walioketi na mabibi, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 hivi, na kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama nusu yao.

Kwa hiyo wiki hii mfanyieni mama yenu vipimo vichache nyumbani. Mnong'onezeni tarakimu tatu kwa nyuma, sikio moja moja. Mpeni sindano na uzi mchana kweupe. Akishindwa kutunga, huenda ni miwani ya kusomea tu anayohitaji, na wauguzi wa vituo vya afya nchini wamefundishwa kupima macho na kuitoa kwa bei ndogo. Kisha wekeni kiti imara ukutani, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo kwa nusu dakika, mmoja wenu akisimama karibu. Mwanamke wa miaka 70 anapaswa kufika mara kumi. Asipofika, arudie zoezi hilo hilo kila asubuhi, akianza na mara tano, akijishika kama ni lazima, na Jumapili ya siku isiyo na magari mtoke naye atembee barabarani, apimwe na sukari na shinikizo la damu hapo hapo. Asipoweza kuinuka hata mara moja bila mikono, apelekwe kituo cha afya mwezi huu huu.